Mafundo Niliyoyakata Mlimani Kyanga

Kabambare,
Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023.

Kwa mkono wa Alain, dereva wa pikipiki.

Mpendwa Mjomba Kamaldine,

Ninakuandikia kukuomba uje Kabambare, upande nami Mlima Kyanga kwa siku moja tu, kabla mvua hizi hazijaisha. Nimeliweka ombi mbele ya salamu, kinyume cha nilivyolelewa, kwa sababu nikianza na salamu nina hofu nitazunguka hadi karatasi inimalizikie nami sijalisema. Sasa limesemwa. Niruhusu nirudi nyuma nikusalimu inavyopasa.

Hujambo, Mjomba? Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia kwamba mwezi wa kwanza lilivimba hata ukawa unaswali umeketi kitini, na kwamba ulimkataza kutuambia. Mkaza mjomba Elsa hajambo? Na paa la duka, je, limepata mabati mapya, au bado mnahamisha magunia ya chumvi kila mawingu yanapotanda upande wa Lualaba? Mwambie mwanao Héritier kwamba sijasahau ahadi ya kumfundisha kusoma ramani. Utakapofika mwisho wa barua hii utaona kwamba huenda mwalimu mwenyewe alihitaji kufundishwa kwanza.

Sisi nyumbani tu wazima. Mama Clémentine, dada yako, anakusalimu sana. Karanga zake zimeanza kuoza ardhini, na kila jioni hung'oa shina moja, akalitazama, akalirudisha mahali pake polepole kana kwamba karanga hazitajua. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Inakuja saa saba mchana kama mtu aliyeajiriwa, inapumzika kidogo alasiri, halafu inaanza tena.

Uzima wetu huo nimeuandika kwa uangalifu, Mjomba, kwa kuwa yupo mtu asiye mzima, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Mtu huyo ni Mama Djamila wa Kalonda, yule mchukuzi wa mawese ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha njia za Kyanga. Amevunjika mguu. Nitakueleza yote kwa utaratibu, na sitaficha kitu.

Tangu Julai, nilipopata lisansi, shahada yangu ya jiografia, niliandika barua ishirini na tatu za kuomba kazi, bila kujibiwa hata moja. Ya ishirini na nne ilijibiwa. Kule Kindu kuna chama kidogo cha watu wanaopenda kutembea milimani, walimu na wanafunzi wengi wao, na katibu wao ni Madamu Cadette. Walikuwa wakitembea wakati wa kiangazi tu. Sasa walitaka mlima unaoweza kupandwa na kushukwa kwa siku moja hata katika masika, na mtu wa kuusimamia. Nilijibu siku ileile kwamba mlima ninao na mtu ni mimi.

Walitaka mambo matatu: njia iliyowekwa alama, ripoti yenye ramani, na idhini ya watu wanaoutumia mlima. Wangekuja Jumamosi, tarehe 18 Machi, watu wanane, kujionea. Wakiridhika, ningekuwa mratibu wao kwa Kabambare yote. Nilikwisha kulitamka neno hilo mbele ya kioo, Mjomba, na nilipenda lilivyosikika.

Tarehe 18 Februari nilipanda kwa mara ya kwanza. Nilifuatana na Katembo, mnunuzi wa dhahabu kutoka Butembo, ambaye amepanga chumba uani kwetu na huuvuka mlima huo kwenda machimboni. Pikipiki ilituacha Kalonda, chini ya mlima, kulipopambazuka. Wewe unaijua njia hiyo kuliko ninavyoweza kuisimulia, lakini nivumilie, kwani mimi niliiona kwa macho ya mgeni: michikichi ya mwisho, kisha matete yanayomwaga maji shingoni, kisha msitu ambao kila shina limevaa kuvumwani kama sweta, kisha mianzi, na juu kabisa nyasi ndefu na upepo.

Nilivaa buti mpya za mpira. Kufikia saa mbili kila buti ilikuwa na maji yake na kelele zake. Katembo alikuwa amezivua za kwake tangu kijito cha kwanza, akazining'iniza shingoni, anakanyaga tope kwa vidole kama kuku. Aliniita Lisansie njia nzima. Nilipoteleza mara ya nne aligeuka akanitazama nilivyokaa topeni, akasema kwa upole wa kweli: “Lisansie, mulima hapana soma diplome. Vua viatu.”

Nikavua. Tokea hapo tulikwenda vizuri.

Karibu na kilele, penye njia panda ya jiwe jeupe, tulikutana na Mama Djamila na wenzake watano wakitoka machimboni. Madumu yalikuwa mgongoni, mkanda wa gome umepita kwenye paji la uso, hatua fupi zisizosimama. Nilimwona akiinama kidogo bila kupunguza mwendo, akashika nyasi za kando ya njia, akazifunga fundo moja, akapita. Hatua ishirini mbele akafunga jingine. Mikono ilifanya hivyo huku mdomo unazungumza na mwenzake habari ya bei ya sabuni.

Aliponifikia alinikagua kuanzia miguu, akauliza ninabeba nini. Nilimjibu kwamba sibebi kitu, ninauchunguza mlima kwa ajili ya wageni watakaokuja kutembea. Akataka kujua wanatembea kwenda wapi. Nikasema hadi juu, kisha wanarudi. Wanawake wote sita walisimama.

“Wanapanda, wanashuka, hapana na muzigo,” alisema. “Tena na mvua. Kwabo hakuna kazi?”

Walicheka hata wakalazimika kuyategemeza madumu kwenye jiwe jeupe. Nami nilicheka, ila nilicheka kwa adabu tu, kwani moyoni nilikuwa nimeudhika. Mjomba, ninataka ujue kosa langu lilianzia hapo hasa. Nilimwona akifunga. Sikuuliza anafunga nini. Nilidhani ni mazoea ya mikono, kama mtu anayechanachana jani huku akiongea.

Tulifika juu saa tano. Simu yangu ilionyesha mita elfu moja mia tisa na arobaini. Hatukuona chochote ila weupe. Hata Katembo, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu, alikuwa sauti tu na harufu ya tumbaku. Halafu upepo ukaupasua ukungu mara moja, na chini yetu ikatokea nchi yote: bonde la Luama, moshi wa mashamba, mabati ya Kabambare yanang'aa kama sarafu zilizomwagika. Haikuzidi muda wa kuwasha kiberiti. Ukungu ukajifunga. Nilisimama pale nikitetemeka kwa baridi, na nilikuwa na hakika kwamba nimeiona kazi yangu ya maisha.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 24, nilirudi peke yangu na panga na kopo la rangi nyekundu.

Nilifanya kazi kwa bidii, Mjomba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikuwa mzembe. Nilichora mishale kwenye mashina kutoka Kalonda hadi mianzi, kisha nikafyeka kando zote mbili kuanzia mianzi hadi jiwe jeupe. Kila nilipokuta fundo la nyasi nililikata, kwa sababu niliona linanasa miguu, na kwa sababu njia yenye mafundo haipendezi pichani. Pale penye jiwe jeupe, mahali njia inapogawanyika, nilikuta nyasi za pande zote mbili zimevutwa na kufunganishwa juu ya njia ya kushoto kwa anayeshuka, kama mlango. Mafundo mawili, bado mabichi. Njia ile ya kushoto ndiyo fupi. Ramani ya satelaiti inaionyesha waziwazi ikishuka ubavuni juu ya kijito. Nikakata yote mawili. Nikachora mshale mwekundu kwenye shina la mti, unaoelekea kushoto. Nikaupiga picha.

Niliporudi nyumbani niliandika katika ripoti kwamba njia imesafishwa na kuwekwa alama za kudumu, na kwamba wakazi wamearifiwa. Niliyemwarifu ni katibu wa kijiji peke yake, tena kwa simu iliyokuwa inakatika.

Wewe bila shaka umekwisha kuelewa. Mimi nilielewa Jumatano, tarehe mosi Machi, asubuhi. Katembo alirudi kutoka Kalonda, akasimama mlangoni kwangu bila kuniita Lisansie. Alisema: “Mama Djamila ameanguka jana. Pale kwa mushale yako.”

Alikuwa amepanda peke yake kutoka upande wa machimbo, mvua inanyesha, ana dumu tupu la lita ishirini. Alipofika penye jiwe jeupe alitafuta mafundo, asiyaone. Kwa hesabu ya mlima, njia isiyofungwa ni njia iliyo wazi: maana yake mtu aliyetangulia ameipita na kukuta ukingo ungali imara. Mshale wangu hakuutazama. Kwake ulikuwa uchafu wa mtu kwenye mti. Alikwenda kushoto. Ukingo ulikuwa umelika tangu wiki ya pili ya Februari, na aliyeyafunga yale mafundo mawili ni yeye mwenyewe, ila alipoyakosa alidhani mwenzake fulani ameyafungua baada ya kupata mahali pa kupitia. Alikwenda chini pamoja na udongo. Alilala kando ya kijito kuanzia saa nne hadi saa tisa, mguu umemgeukia, akipiga dumu tupu kwa jiwe ili asikiwe. Wachukuzi wenzake ndio waliomsikia, wakambeba kwa shuka na miti miwili.

Nilikwenda Kalonda kumwona siku ileile. Sikumaliza chai. Alain hakutaka kwenda kwa ajili ya tope, nikatembea hadi nusu ya safari ndipo akanihurumia akanifuata.

Alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka dirishani katika kituo cha afya, mguu umefungwa kwa mbao. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa mpangilio mzuri, yenye mwanzo, kiini na mwisho. Nilipiga magoti. Nilianza mwanzo. Akaniinulia mkono ninyamaze, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa Clémentine. Nikasema ndiye. Akaniuliza kama nilimwona siku ile akifunga nyasi. Nikasema nilimwona.

“Na hukuuliza.”

“Sikuuliza, Mama.”

Kisha alinieleza, polepole, kama mtu anayefunda mwali, yale ambayo wewe ungeweza kunieleza tangu utotoni kama ningekuwa na masikio. Fundo moja lililoegemea upande fulani: nimepita huku. Mawili yaliyofunganishwa juu ya njia: usipite. Matatu kwa safu: maji yamejaa mbele, rudi kabla ya saa sita. Mwenye kujua kufunga, kila apitapo, hulifunga upya lililonyauka. Aliniambia neno moja ambalo nimelirudia kichwani tangu siku ile, na ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulisema darasani kwetu:

“Rangi yako itakaa miaka kumi, na mulima inabadilika kila mvua. Majani inakauka. Mutu akiangalia tu, anajua fundo ni ya leo ao ni ya juzi.”

Fikiri, Mjomba. Ramani yangu haisemi ilitengenezwa lini kwa mtu aliye chini yake anayelowa. Mshale wangu ungewaelekeza wageni wanane wa Kindu kwenye shimo lilelile, tena kwa rangi nzuri, na ningekuwa ninawatangulia mimi mwenyewe nikiwaeleza habari za mawe.

Nilimwambia kwamba nitapanda kesho yake niyarudishe mafundo yote. Hapo ndipo alipokasirika, na ndiyo mara moja tu alipopandisha sauti. Alisema fundo la mtu asiyejua ni baya kuliko kukosa fundo. Anayefunga lazima awe amepanda na kushuka siku nzima nyuma ya mtu anayejua kufunga, tena wakati wa mvua, kwa kuwa kiangazi mlima wote unaonekana mzuri na hakuna cha kujifunza. Waliokuwa na idhini ya kufunga, alisema, walibaki wawili baada ya marehemu Baba Bulaimu: yeye na wewe. Wenzake wa madumu wanayasoma mafundo vizuri, lakini hakuna kati yao aliyewahi kutembezwa; yeye alikuwa amekusudia kumtembeza mmoja masika haya.

Niliuliza nifanye nini. Akaligeuzia uso dirisha, akasema: “Mulete Kamaldine. Njo yeye alinifundisha. Aje akufundishe na weye, usiende kuua watu na masomo.”

Nimeyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, ingawa la mwisho limenigharimu. Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la kituo. Mvua ilikuwa imeanza. Watu waliokuja kuona wagonjwa wao walinisogelea kwa kubanana, na mmoja akaniuliza kwa wema kama nina mgonjwa. Nilisema ninaye.

Sasa nikueleze hali ilivyo leo, kwani ndiyo inayonifanya nisikae. Mlima hauna mafundo. Wanawake wengi wa Kalonda wanazunguka kwa njia ya bondeni, siku moja na nusu badala ya siku moja, wakiwa na mizigo ileile. Wengine hawawezi kuzunguka, kwa sababu wana watoto wanaowangoja jioni, nao wanapita Kyanga bila alama. Ijumaa iliyopita walipita wawili, mmoja ana mtoto mchanga mgongoni. Walifika. Mimi nilikaa hapa Kabambare nikiutazama mlima tangu asubuhi hadi habari ilipokuja, na nilikuwa nimelinoa panga langu mara tatu bila kuwa na kitu cha kukata.

Kila wingu linapotanda upande wa mashariki ninainuka. Mama amechoka nami. Jana wakati wa chakula aliniambia niamue kama ninakula au ninalinda. Ameniagiza nikuandikie badala ya kukupigia, akisema kwamba kwenye simu utanijibu “haya” upesi ili kunituliza, lakini ukisoma utafikiri. Ninaamini yuko sahihi. Tena ombi kama hili halistahili kukatwa na mtandao.

Nimefanya mambo mawili bila kungoja. La kwanza, Alhamisi nilipanda na Katembo hadi penye mianzi, mahali ambapo njia bado ni moja na haihitaji fundo, nikaichuna mishale yangu yote ya sehemu ile. Ule wa jiwe jeupe aliuchuna Katembo peke yake Jumamosi, alipokuwa anavuka kwenda machimboni, kwani mimi nimekatazwa na Mama Djamila kufika huko. Alirudi akaniambia kwamba mti unaonekana umenyolewa vibaya, lakini haudanganyi tena.

La pili, nimemwandikia Madamu Cadette. Nilimweleza kwamba ripoti yangu haikuwa ya kweli katika kifungu cha tatu, kwamba mtu ameumia kwa ajili ya kazi yangu, na kwamba wasije tarehe 18. Sikutaja mvua wala barabara, ingawa zote mbili zingekuwa udhuru mzuri na wala si uongo. Alinijibu kwa mistari miwili: anashukuru kwa kuambiwa mapema, na chama kitatafuta mlima mwingine. Kuhusu uratibu hakusema kitu, nami sikuuliza. Imeniuma, Mjomba, sitajifanya kwamba haikuniuma. Niliisoma ile mistari miwili hata nikaijua kwa moyo. Lakini Jumamosi hiyo sasa iko tupu, na ninajua ninataka ijazwe na nini.

Ninajua kwamba miaka saba hujapanda. Ninajua kwamba ulipohamia Kasongo ulimwambia Mama kuwa umemaliza na milima, na kwamba goti lako ndilo lililotoa hukumu hiyo. Sikuombi ufike kileleni. Nilimuuliza Mama Djamila, naye amekubali kwamba ukinitembeza kutoka Kalonda hadi jiwe jeupe na kurudi, inatosha, kwa sababu juu ya hapo njia ni moja. Ni mwendo wa saa nane kwa mtu mzima mwenye kupumzika. Katembo atabeba mzigo wako na koti lako la mvua, na amesema kwamba ikilazimu atakubeba na wewe. Ninakufikishia ahadi hiyo bila kuidhamini. Yeye hujivuna kwamba watu wa kwao huzaliwa mteremkoni.

Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuanza siku chache baada ya tarehe hiyo. Sitaki upande umefunga, wala sitaki kungoja hadi Idi, kwani kufikia wakati huo mvua zitakuwa zinaelekea ukingoni na mlima utakuwa umeanza kudanganya tena. Ndiyo maana ninakubana hivi. Nisamehe haraka yangu. Haraka ndiyo iliyoniponza, nami nimejichunguza sana kama hii ni ileile. Ninadhani si ileile. Ile ilikuwa ya kutaka kuonekana. Hii inatokana na yule mama mwenye mtoto mgongoni.

Alain atakungoja Kasongo, maana ana mizigo yake ya kukusanya sokoni. Mtaondoka Alhamisi tarehe 16, mlale Wamaza kwa rafiki yake, na Ijumaa mfike hapa kabla ya mvua ya saa saba kama madaraja yatakubali. Nimemwomba aende polepole kwa ajili ya goti. Alicheka, akasema kwenye barabara ile upole si ombi, ndiyo namna pekee ya kwenda. Chumba chako ni changu. Mama amekwisha kuvitoa vitabu vyangu na kuviweka juu ya kabati, na sikunung'unika.

Ukija, ninakuomba jambo moja zaidi. Usinisifu mbele ya Mama Djamila hata kwa kunionea huruma. Usimwambie kwamba nimesoma. Anajua. Kila siku ya pili ninampelekea maji na kuni za kupikia pale kituoni, na jana kwa mara ya kwanza aliniuliza mtu akisoma jiografia anafundishwa nini hasa. Nilianza kumweleza mistari ya mwinuko kwenye ramani, jinsi inavyokaribiana penye mteremko mkali. Alisikiliza. Kisha aliondoa mkono chini ya shuka, akachukua pindo la shuka hilo, akalifunga fundo, akanipa nilifungue. Lilinishinda. Alilifungua mwenyewe kwa vidole viwili, akalala. Sijui kama hiyo ilikuwa dhihaka au somo la kwanza, ila tangu jana ninajifunza kwa kamba ya kiatu.

Alain amekwisha kupiga honi mara mbili. Sasa amekuja mlangoni, anauliza kama hii ni barua au ni kitabu, kwa maana anaona wingu. Nami ninaliona. Nikatize hapa, ingawa mengi yamebaki.

Nisalimie mkaza mjomba Elsa kwa heshima zote, umwambie kwamba nitakurudisha kwake na magoti yote mawili. Msalimie Héritier, na majirani wa duka, na wale wazee wa msikitini wanaoniuliza kila mara nitaoa lini. Mama anakuletea pakiti ya karanga zile chache zilizosalimika. Amesema uzile mwenyewe, usizitie dukani.

Mungu akulinde barabarani, akaushe tope mbele yako na kulibakiza nyuma yako, na akupe nguvu za siku moja zaidi katika miguu ile iliyouvuka Kyanga kabla mimi sijazaliwa.

Mama Djamila anatolewa kituoni wiki ijayo na atakuwa kwake Kalonda, kitanda kimegeuzwa kuelekea mlimani. Ametaka tuondokee mlangoni pake, atuone tukienda, na ameagiza tusipite kabla hajatukagua mikono. Ijumaa usiku nitalala huko Kalonda kumhudumia, na Alain atakuleta alfajiri; sitaleta panga wala rangi. Nikikukosa hapo, sitapanda. Nitaketi naye nje tungoje hadi utakapofika. Basi tukutane mlangoni kwake Jumamosi, tarehe 18 Machi, saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukutazamia barabarani,

Ruphin